Medali za askari wa Kongo: wanaozinunua tena si wale waliozipoteza

MASISI – WALIKALE. Huko Ulaya na Amerika kuna watu wanaokusanya medali za vita kama wengine wanavyokusanya stempu za posta. Kati yao kuna kisa wanachopenda kusimuliana. Mkusanyaji aliuza medali miaka ishirini iliyopita, pengine alikuwa anajenga au ana mtoto wa kusomesha. Siku moja anafungua orodha ya mnada, anaiona medali ileile, anaitambua. Analipa mara kadhaa ya bei aliyouzia, anairudisha kabatini. Wenzake wanampongeza na kusema imerudi nyumbani.

Wakimbizi wa Masisi na Walikale wanajua kidogo maana ya nyumbani, na wana haki ya kuuliza nyumbani gani hapo. Kama medali ni ya Mwingereza na imenunuliwa na Mwingereza, hilo ni shauri lao. Lakini katika makabati hayohayo zimo medali zilizovaliwa na askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Zimo pia medali walizofungwa shingoni machifu wa enzi hizo, zenye sura ya mfalme, zile zilizowafanya Wabelgiji wawaite "machifu wa medali". Hizo zinauzwa Brussels katika maduka ya vitu vya kale, na leo mtu yeyote mwenye simu na kadi ya benki anaweza kuzinunua. Anayeuza na anayenunua tena ni watu wa mzunguko mmoja. Familia ambayo medali ilitoka kwake haimo kabisa kwenye mzunguko huo, na hakuna anayeona ajabu.

Kwanza msikilizaji aelewe mkusanyaji anaitambuaje medali yake baada ya miaka ishirini. Medali ambazo Waingereza waliwapa askari wao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilichongwa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Ukiishika mkononi unajua ilikuwa ya nani. Ndiyo maana hata mjukuu aliyeko Australia anaweza kuandika jina la babu yake kwenye mtandao na kuikuta medali inauzwa. Medali za Wabelgiji hazikufanywa hivyo. Ile ya Kampeni za Afrika za 1914 hadi 1917, na zile zilizotolewa baada ya vita vya 1940 hadi 1945, zilitoka kiwandani zikifanana kama sarafu. Jina la askari lilibaki kwenye karatasi: cheti alichopewa pamoja na medali, na kitabu chake cha askari chenye namba ya matrikile. Medali ikiachana na karatasi, kilichobaki ni shaba na utepe.

Hapo ndipo biashara hii inapokuwa dhuluma hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Mkusanyaji wa Brussels aliyeuza medali ya Force Publique anaweza kuitafuta kwa mkwaruzo anaoukumbuka, au kwa picha aliyopiga kabla ya kuiuza. Familia ya Nyabiondo, ya Kashebere au ya Itebero itaitafuta kwa alama gani? Karatasi iliungua pamoja na nyumba. Babu amekufa. Kilichobaki ni neno la bibi kwamba mzee alikwenda Abisini akarudi na kitu kifuani.

Na walikwenda kweli. Mwaka 1916 kikosi cha Kanali Molitor kilivuka mpaka kikitokea upande wa Kivu, kikaingia Kigali mwezi wa tano, na tarehe 19 Septemba Force Publique ikaingia Tabora. Jenerali Tombeur aliyeongoza vita hivyo akapewa ubaroni pamoja na jina la mji wenyewe: Tombeur de Tabora. Katikati ya Brussels kuna barabara inayoitwa Tabora mpaka leo. Wapagazi waliobeba risasi na chakula cha vita hivyo, hesabu inayotajwa sana na wanahistoria ni 260,000. Hao hawakupewa ubaroni.

Mwaka 1941 walikwenda mbali zaidi. Wakapitia Sudani, wakapigana Asosa na Gambela katika Uhabeshi, na tarehe 3 Julai, huko Saio, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia akajisalimisha na maofisa wake kwa Jenerali Gilliaert. Askari wa Kongo waliona majenerali wa kizungu wakikabidhi silaha zao. Wengine wakapelekwa Nijeria na Mashariki ya Kati, na hospitali ya kivita ya Kongo ikafika hadi Birma. Waliporudi walipewa medali. Vyeo hawakupewa. Mpaka siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa na ofisa hata mmoja Mkongo katika jeshi lile, na siku tano baadaye askari wakaasi. Mtu aliaminiwa kumteka jenerali wa Italia, hakuaminiwa kuwa luteni nyumbani kwake.

Kuna wanaosema, na wanasema kwa haki, kwamba medali hizo si za kulilia. Force Publique ilikuwa jeshi la kauchu na la kiboko. Mwaka 1944, wakati waliotoka Uhabeshi walikuwa bado wanasubiri medali zao, Bushiri na watu wa Kitawala waliinuka upande wa Masisi na Lubutu. Utawala ulikuwa umeongeza siku za kazi za lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu walikuwa wanarudishwa msituni kutafuta kauchu kwa ajili ya vita vya wazungu. Jeshi lililotumwa kuwazima lilikuwa hilohilo. Kwa hiyo katika wilaya hizi mbili kuna familia ambayo babu yake alivaa medali, na jirani yake ambaye babu yake alipigwa na waliovaa medali. Mara nyingine ni familia moja, upande wa baba na upande wa mama.

Kijana anayesema "uza hicho chuma cha mkoloni, tununue unga" ana hoja mbili kwa pamoja, ya historia na ya tumbo, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka. Lakini angalia anamuuzia nani. Anamuuzia mtu atakayekiweka kwenye kitambaa cha buluu, akiwasimulia wageni wake jinsi Ubelgiji ilivyoshinda Saio. Kama kitu hicho ni aibu, aibu hiyo haifutiki kwa kuhamia sebule ya mtu mwingine na kugeuka fahari. Aliyebeba aibu na aliyebeba fahari hawako nchi moja, ni hilo tu linalobadilika. Mtoto wa Masisi ana haki ya kukishika kitu hicho na kuamua mwenyewe kama atakitupa Lwowa au atakitundika ukutani.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo watu wa Masisi wanalielewa upesi kuliko mtu wa Brussels. Katika wilaya hii mtu huulizwa babu yake alitoka wapi. Anaulizwa ofisini na anaulizwa shambani, tena anaulizwa kwenye kizuizi na mwenye bunduki. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 yenyewe inarudi nyuma hadi siku ya uhuru, ikiangalia makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi iliyokuja kuwa Kongo. Sasa fikiria kitabu cha askari cha 1940, chenye jina la mtu na mahali alipoandikishwa, kilichopigwa muhuri na utawala wa wakati ule. Kitabu hicho hakimalizi ubishi wote wa Masisi. Lakini kinasema kwamba siku fulani, kabla ya wengi wanaobishana leo kuzaliwa, mtu huyu alikuwepo, aliandikishwa kama mtu wa Kongo na kupelekwa kufa kwa jina la Kongo. Medali ndiyo iliyowafanya wazee wakitunze kitabu hicho, maana karatasi peke yake nani angeitunza miaka themanini kwenye paa la nyasi? Medali ikiuzwa, karatasi inaenda nayo, kwa sababu mnunuzi mjuzi anazitaka zote mbili. Karatasi inapandisha bei. (Na ni kweli pia kwamba karatasi hiyohiyo, kwenye kizuizi kibaya, inaweza kumponza aliyeibeba. Kila familia inajua ni wapi pa kuionyesha na wapi pa kuificha.)

Medali zinatokaje mikononi? Si lazima awepo mzungu mwenye kofia anayepita vijijini. Tangu vita vya 1993 vilivyoanzia soko la Ntoto, kuna nyumba hapa ambazo zimekimbiwa mara tano, sita: 1993, 1996, 2008, 2012, na tena miaka hii ya mwisho. Kila mbio huamua kitu gani kibebwe. Mama anabeba mtoto, sufuria, godoro kama ana nguvu. Kisanduku cha mzee kinabaki. Anayekuja nyuma kupora hajui Saio ni nini, lakini anajua kitu kinachong'aa kinauzika, na mnunuzi wa kwanza anajua mnunuzi wa pili. Au kisanduku kimebebwa kweli, kimefika Bulengo au Lushagala, na siku moja hapakuwa na kitu kingine cha kutoa ili mgonjwa atibiwe. Kisha Februari 2025 kambi hizo za pembeni mwa Goma zikavunjwa na watu wakatakiwa kurudi walikotoka, wengine kwenye vijiji visivyo na nyumba. Mwezi wa tatu vita vikafika Walikale-kati. Katika mwendo wa namna hiyo nani anashika risiti?

Lugha ya wakusanyaji inaita yote hayo kwa neno moja: kuuza. Mwenye kabati ameuza, na mama wa kambini ameuza. Ni neno lilelile, kwa hiyo dhamiri inalala. Lakini yule wa kwanza aliuza akiwa na nyumba, akaweka picha na kuandika jina la mnunuzi, ndiyo maana leo anaweza kujuta na kurekebisha. Majuto yake yana njia ya kupita. Yule wa pili hata akipata fedha kesho, akipata shamba lake, amani ikirudi mpaka Pinga, hajui abishe mlango gani. Mkusanyaji anayesifiwa kwa kuifuata medali yake katika minada mitatu angejiuliza swali moja tu: kabla yangu ilikuwa ya nani, na je, huyo naye hakuitafuta?

Watasema familia hizo hazijawahi kuuliza. Zingeuliza wapi? Wakati Mfalme Philippe alipokuja Kongo, Juni 2022, huko Kinshasa alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyekuwa Birma, aliyetajwa kuwa wa mwisho aliyebaki hai kati ya Wakongo wa vita vile. Picha ilizunguka dunia nzima. Ilikuwa haki yake mzee, tena ilichelewa miaka zaidi ya sabini. Lakini fikiria maana ya kumvisha wa mwisho. Waliokufa kabla yake hawakuwa na wa kuwavisha, na medali walizokuwa nazo tayari hakuna serikali iliyouliza ziko wapi.

Mwezi uliofuata, tarehe 3 Julai 2022, Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vya enzi ya ukoloni. Sheria hiyo ilipigiwa makofi, na mapema mwaka uleule Kinshasa ilikuwa imepewa orodha ya vitu kama 84,000 vilivyoko kwenye makumbusho ya Tervuren. Ila sheria yenyewe inahusu vitu vilivyoko mikononi mwa taifa la Ubelgiji. Kilichoko kwenye kabati la mtu binafsi hakimo. Na nyaraka zimeachwa nje waziwazi. Msikilizaji aweke haya mawili pamoja: medali ziko kwa watu binafsi, majina yako kwenye nyaraka. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya kurudisha imeruka kitu chenyewe na imeruka pia ufunguo wa kukitambua. Huenda hakuna aliyefikiria medali hata kidogo walipokuwa wakiandika. Wanafikiria vinyago na sanamu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopendeza kwenye kioo cha makumbusho. Koplo wa Walikale hana sanaa ya kuonyeshwa.

Daftari za utawala wa zamani wa Kongo ziko Brussels. Mjukuu wa mbunge wa Ubelgiji anaweza kupanda tramu akazisome. Mjukuu wa askari aliyeko Mubi hawezi hata kujua kwamba zipo. Kupiga picha daftari za askari wa Force Publique na kuziweka wazi, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji, si kazi ya kushinda nchi tajiri. Kingekuwa kitu kidogo kuliko sherehe moja ya kurudisha kinyago.

Na Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya Brussels. Mwaka 1973 Mobutu alisimama Umoja wa Mataifa akadai vitu vya Afrika virudishwe, na dunia ikamsikiliza. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ikarudisha vitu 114. Baadhi yake vikatoweka kwenye makumbusho ya Kinshasa na kuonekana tena sokoni, vikiuzwa kwa wakusanyaji. Kwa hiyo mtu akisema medali zikusanywe zipelekwe Kinshasa zitunzwe na serikali, familia za Masisi zina haki ya kuguna. Medali ya mtu irudi kwa watu wa mtu huyo. Na kama hawajulikani bado, heri ibaki kwa mkusanyaji mwaminifu anayejulikana kwa jina, kuliko ipotee ndani ya ghala lisilo na mwenye ufunguo.

Maana waaminifu wapo, na hao ndio wanaoambiwa haya. Mkusanyaji ambaye ana medali ya Force Publique yenye karatasi aipige picha karatasi hiyo na aiweke wazi yote, kwa namba ya matrikile na kwa jina, kabla ya kuuza au kununua tena. Asitenganishe karatasi na medali ili auze mara mbili, desturi hiyo ni mbaya kuliko wizi. Na akipata barua kutoka kwa mtu wa Kivu anayesema jina hilo ni la babu yake, asidai kwanza cheti cha kuzaliwa kilichopigwa muhuri kwenye ofisi iliyoungua. Aulize jina la kijiji na jina la mwami. Mtu wa kweli atajibu hapohapo, na atamwongezea majina ya ndugu ambayo karatasi haina.

Kwa upande wa familia, wale ambao bado wana kisanduku cha mzee, hata kama leo wako Goma, Minova, Kisangani au Nyakivale: simu moja ya mkopo inatosha. Medali ipigwe picha mbele na nyuma, na utepe wake hata ukiwa umechanika, maana rangi za utepe husema ni vita gani. Kitabu cha askari kifunguliwe, ukurasa kwa ukurasa, kwenye mwanga wa mchana. Halafu mkubwa wa familia azungumze, arekodiwe: jina la mzee, jina la baba yake, kijiji, mwami wa wakati ule, kambi aliyopelekwa, Rumangabo au nyingine, na mwaka kama unakumbukwa. Picha na sauti zitumwe kwa ndugu wawili wanaoishi mahali tofauti, ili moto mmoja usizimalize zote. Baada ya hapo, kama njaa italazimisha medali iuzwe, iuzwe. Lakini karatasi ibaki nyumbani, na jina la aliyeinunua liandikwe nyuma yake kwa kalamu.